Maiti za Gaspare

Kwa miaka miwili na nusu tulikula tukiwa tumepakata sahani, kwa sababu ile meza aliyonipa mama yangu nilipoolewa ilikuwa imejaa makaburi. Mume wangu, Gaspare Loiacono, alikuwa mchora katuni. Alichora majeneza pale nilipotaka kuweka bakuli la makaroni, akachora popo mahali pa mkate, na ole wako umwage mchuzi.

Makaburi hayo yalikuwa ya mchezo wa televisheni ambao mji wetu wote wa Paterson uliujua. Saa kumi alasiri ukipita mtaani kwetu hukuti mtu. Wanawake wameacha pasi, watoto wametoka shule mbio, wote wako mbele ya televisheni wanamtazama Ambrose Wexcombe, mnyonya damu wa miaka mia mbili, akiamka ndani ya jumba lake juu ya mwamba. Kila baada ya miezi mitatu Wexcombe huyohuyo alitoka katika kitabu cha katuni, senti kumi na tano kwenye rafu ya magazeti ya duka la dawa, na mkono uliomchora ulikuwa wa mume wangu.

Ungedhani ni kazi ya raha. Wenye kampuni iliyochapa kitabu, huko New York, walikataza damu. Walikataza pia meno kugusa shingo, ati watoto wanasoma, utadhani si watoto walewale waliokuwa wakiyaona hayo meno kila alasiri bure. Kwa hiyo Gaspare alichora mnyonya damu asiyenyonya, mwanamume anayesimama nyuma ya wanawake amejiziba mdomo kwa joho kama mtu anayeumwa jino. Mama yangu, Immacolata, aliyekuwa akiishi nasi, alimuuliza swali moja kila toleo: "Mkwe, huyu bwana anakula lini?"

Halafu kulikuwa na suala la nyuso. Kampuni ilikuwa na ruhusa ya uso mmoja tu, wa mwigizaji wa Wexcombe. Waigizaji wengine hawakutia saini, kwa hiyo ilikuwa mwiko kuwachora wakafanana na wenyewe. Na Gaspare hawezi kubuni uso. Ana kipaji, sikatai, lakini ni kipaji cha kuangalia. Mpe kiatu kikuukuu, atakuchorea mpaka uzibe pua. Mwambie abuni uso, anatoa yai. Basi akatuchukua sisi. Padre Silvestri wa parokia yetu akawa daktari mlevi. Mimi, Ersilia, nikawa yule mwanamke anayelia kwenye ngazi toleo baada ya toleo, na kila niliyekutana naye sokoni aliniuliza kwa huruma kama nyumbani ni kwema. Mama akawa mchawi, na katika toleo la sita akachomwa moto.

Hakutuambia. Hilo ndilo la kujua kuhusu Gaspare: hasemi. Siku aliyofukuzwa kazi katika kiwanda cha kutia hariri rangi, mimi niliambiwa na muuza samaki. Si mkali wala si mwongo, ila mdomo wake umeshonwa. Mambo ya mume wangu nimeyajua yote kwa kuyakuta, na nimechoka.

Mama alijiona anaungua kwenye kitabu hicho akiwa saluni. Alirudi na rola kichwani, nami nikawahi kuondoa chupa za wino mezani kabla hazijaruka. Lakini Jumapili iliyofuata alianguka ngazi za kanisa, vidato kumi na kimoja, akainuka bila mchubuko, akaulizia mkoba wake. Hapo akabadilika. Sisi watu wa Avellino, kule Italia, tunajua kwamba mtu akikuota umekufa amekuongezea miaka, na ukizushiwa kifo, vivyo hivyo. Mama akapiga hesabu yake. Ndoto huotwa na mtu mmoja, akasema, lakini kifo chake kimechapwa na kusambazwa Marekani nzima.

Toka hapo hatukupumua. Nyongo ilipoanza kumsumbua, na daktari akasema lazima apasuliwe mwezi wa Mei, alivuta kiti akakaa mbele ya mkwewe.

"Niue kabla ya Mei," alimwambia.

"Mama, hadithi siandiki mimi. Naletewa imeshaandikwa."

"Nitumbukize kisimani huko nyumanyuma ya picha. Nani ataniona?"

"Huo ni upuuzi, Mama."

"Kama ni upuuzi, unaogopa nini?"

Gaspare alinung'unika wiki nzima kwamba huu ni mwaka wa sabini na watu wameshatembea mwezini. Kisha, ukurasa wa kumi na tisa, kijakazi mzee akaonekana anaelea kisimani, na kidevu kilikuwa cha mama. Upasuaji ukaenda vizuri. Mama alirudi na vijiwe vyake vya nyongo ndani ya chupa, akaiweka katikati ya chupa za wino, nami nikakatazwa kuiondoa.

Baada ya hapo alikufa kila toleo. Alianguka mnarani kwa ajili ya presha, akazikwa ukutani kwa ajili ya goti. Mhariri kule New York, bwana Whitlock, alipiga simu kuuliza kwa nini kila kitabu kina bibi yuleyule anayekufa pembeni. Gaspare alinipa simu mimi. Nikasema jumba lile lina watumishi wengi wa ukoo mmoja.

Ilipofika vuli, Gaspare akaanza mambo. Siku zote kurasa zake alizituma kwa posta. Sasa kila Alhamisi alipanda basi la New York kuzipeleka mwenyewe, hata wiki ambayo hakuna ukurasa uliokamilika. Akirudi hagusi chakula. Nikimuuliza, "Kazi." Nilipomuuliza mbona ametoboa tundu jipya kwenye mkanda wake, alisema ni joto, na huo ulikuwa mwezi wa Novemba, baridi imeshaingia. Niliogopa, na mimi nikiogopa nagomba. Niligomba juu ya soksi, juu ya redio. Nilifikiria ana mwanamke. Nikamtazama mgongo wake alipokuwa anavua shati, nikaona afadhali angekuwa na mwanamke.

Kisha kioo kikatoweka bafuni. Mama alilalamika siku mbili kwamba hawezi kung'oa ndevu zake kwa kupapasa. Nilikikuta kioo mezani nyuma ya chupa za wino, kimeelekea kiti cha Gaspare. Nikamuuliza cha nini. Akasema kinamwongezea mwanga. Nikamtupia taulo.

Sasa, katika kazi ile nami nilikuwa na sehemu yangu. Wino ukishakauka, mistari ya penseli inabaki chini yake, na lazima mtu aifute polepole bila kuuchubua wino. Mtu huyo ni mimi. Jumatano ile nilikaa na kifutio changu, ukurasa kwa ukurasa, mpaka nikafika wa ishirini na mbili. Wexcombe yuko chini ya jumba, anafunua jeneza ambalo si lake. Nikafuta joho. Nikafuta kifuniko. Nikaanza kufuta ndani ya jeneza, na uso ukatoka kidogokidogo kwenye ule ukungu wa penseli: sikio, masharubu, halafu kovu la juu ya nyusi, lile alilolipata kiwandani.

Gaspare alikuwa kwenye sinki, anaosha brashi ambayo ilikuwa safi.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Akaosha brashi. "Agosti."

"Wapi?"

Akaweka mkono chini ya mbavu. "Watanipasua Alhamisi ijayo."

Nilitaka kumpasua mimi, palepale, kwa chupa za wino, na vijiwe vya mama juu yake. Miaka yote hii Marekani nzima imeweza kuisoma familia yetu kwa senti kumi na tano, na mimi mkewe mpaka nifute penseli ndiyo nijue. Nililia pia, nalisema wazi, nikalia vilevile kama anavyonichora kwenye ngazi, na hilo likanizidishia hasira.

"Si ulisema ni upuuzi?"

"Ni upuuzi," akasema, akairudisha brashi chini ya bomba.

Nikautazama ukurasa tena. Alikuwa amejipendelea. Mashavu yalikuwa ya kabla ya Agosti, pua ameipunguza, na mdomo ulikuwa kama unataka kutabasamu. Nikavuta kiti, nikakisogeza kioo, nikafungua wino.

"Huyu hajafa," nikamwambia. "Huyu amelala baada ya chakula cha Jumapili. Kaa hapa, mume wangu, uchore upya. Afe kabisa."

Akakaa. Nikamshika kidevu, nikakigeuza kuelekea kioo, na sikumwachia mpaka alipomaliza.