Dakika ya Kumi na Tatu

Punda aligoma pale korongo lilipobana, nikamvuta kwa kamba mpaka ukuta wa bwawa ukatokea: tao refu la mawe, limebanwa kati ya miamba miwili, jembamba kuliko nilivyodhani. Miaka yote niliyokaa mjini Tabas nilikunywa maji ya bwawa hili na kula machungwa yake, lakini sikuwahi kupanda kuliona.

Chini ya ukuta, kwenye chumba kimoja cha mawe, aliishi Mashdi Khodamorad, mpima maji.

"Umeleta mkate?" akauliza kabla hata ya salamu.

"Nimeleta. Na Bibi Mahrokh kakuwekea tende."

"Basi karibu. Ungekuja mikono mitupu ningekufukuza wewe, nikabaki na punda. Angalau yeye hasemi ovyo."

Lakini aliyesema siku nzima alikuwa Mashdi mwenyewe. Mara ya mwisho kuongea na mtu ilikuwa siku tisa nyuma.

Mbele yake palikuwa na beseni la maji, na juu ya maji bakuli la shaba lenye tundu dogo kitakoni. Bakuli huelea, hujaa polepole, huzama. Likizama, fungu moja la maji limepita, naye huweka kokoto. Kokoto za bustani moja zikitimia, hushusha ubao wa mfereji mmoja na kuinua wa mwingine. Jua likizama hufunga lango la bwawa. Mzunguko huisha siku ya kumi na mbili, liwe liwalo, na bustani ya mwisho hupata kilichobaki. Ya mwisho ni ya Bibi Mahrokh.

"Bibi analalamika," nikamwambia. "Michungwa yake inaangusha matunda yakiwa bado mabichi. Anasema wadudu."

"Wadudu!" Akaweka kipande cha sukari mdomoni, akapiga funda la chai. "Amezeeka, hajui kumwagilia."

Sikuwa na la kufanya, nikawa nalipima bakuli kwa saa yangu ya mkononi.

"Bakuli lako linachukua dakika kumi na tatu," nikasema.

"Kumi na mbili. Tangu enzi za babu yangu."

"Kumi na tatu, Mashdi."

"Saa ya kuokota hiyo."

Tulipima mara tatu. Mara ya tatu hakucheka. Alilitoa bakuli, akapapasa tundu kwa kidole gumba, kisha akanipa.

"Niangalizie. Kuna nini?"

"Ukoko mweupe, ukingo wote wa tundu," nikamwambia.

"Chokaa," akasema. "Maji ya hapa ndivyo yalivyo. Zarrin alikuwa akiliangalia kila asubuhi."

Zarrin, mkewe, alifariki majira ya vuli. Kumbe ndiye aliyekuwa akiona kwa ajili ya wote wawili. Tangu hapo kila bustani ilipata dakika ya ziada kwa kila fungu, na dakika zote hizo zilitoka kwa Bibi Mahrokh.

"Kwangua kwa sindano, yaishe," nikasema.

"Peke yangu? Tundu haliguswi ila mbele ya wenye bustani wote. Nikilipanua kidogo tu, nimeiba."

"Nani atajua?"

"Mimi, mjinga wewe! Nakaa na nani mwingine hapa?"

"Watakuondoa. Wameshaanza kuzungumzia kununua saa."

"Najua." Akanyoosha mkono nimrudishie bakuli. "Ile michungwa Bibi aliipanda siku aliyoolewa. Nami nikasema hajui kumwagilia."

Alichana ndevu, akalifunga bakuli katika shela ya Zarrin. Tende hakuzigusa, alizirudisha kwenye mfuko wa punda.

"Nalipeleka mbele ya wenye bustani. Saa yako itatosha," akasema. "Dakika kumi na mbili, uweke kokoto. Huu ni mfereji wa kina Esfandiar, zimebaki kokoto nane. Na uhesabu kwa sauti. Ukinyamaza hapa, utasahau ulipofika."

"Utarudi lini?"

Alikuwa anakaza kamba ya punda. "Nane," akarudia. "Usimpunje Esfandiar kwa kumhurumia Bibi."

Waliteremka, punda safari hii akienda bila kuvutwa. Niliporudi kwenye beseni niliona ameniachia birika na bilauri moja juu ya kibao. Zamani zilikuwa mbili kwenye kile kibao, alama za vitako vyake zilikuwa bado zimo.

Nikatazama saa. Dakika kumi na mbili zilipotimia niliweka kokoto, nikasema, "Moja."