Mashine ya Maji ya Chumvi

Mvua kubwa zikishapita Bugarama, maji huacha michirizi ya mchanga mwekundu mashambani, na hapo ndipo Lusia Maganga hufanya kazi yake. Huomba ruhusa kwa mwenye shamba, huvaa buti, huweka spika masikioni, kisha hupita polepole na detekta yake, mashine ya kutambua madini, akiisikiliza ardhi. Hashuki mashimoni kama wachimbaji wengine. Yeye hutafuta vipande vidogo vya dhahabu ambavyo maji yamevifukua, na akipata hugawana na mwenye shamba. Siku nyingi hapati ila misumari na meno ya majembe yaliyovunjika.

Alizaliwa Didia, akaolewa Bugarama, akafiwa na mume mapema, akamlea mwanawe Wiliam mpaka akafika chuo. Majirani humfahamu pia kwa jambo jingine: mtu akipoteza funguo shambani au pete kwenye maganda ya karanga, humwita Mama Wiliam na mashine yake. Hakumbuki kuwahi kukataa.

Betri na koleo zake fupi alikuwa akizinunua Shinyanga mjini, katika duka la vifaa la kijana mmoja wa Kihindi aitwaye Kunal. Mara nyingi aliyemhudumia alikuwa Jinal, mke wa Kunal, mwanamke mwembamba mwenye maneno mengi aliyependa kuulizia habari za mashamba. Kwa hiyo Machi moja Jinal alipompigia simu akimwomba aje dukani, bila kusema sababu, Lusia alijua kuna jambo.

Alimkuta amejizungushia mtandio shingoni, na joto la siku ile lilikuwa la kumtoa mtu shati. Jinal alimwamkia, akamvuta hadi stoo, katikati ya mabomba na ndoo za rangi, akafungua mtandio. Shingo ilikuwa tupu.

Lusia aliwahi kukiona kidani kilichokuwa kikikaa pale. Kilikuwa mkufu mwembamba wenye shanga nyeusi na kipande cha dhahabu katikati, ambao kwao Wahindi huitwa mangalsutra. Bwana harusi humfunga bibi harusi shingoni siku ya ndoa, naye mke huuvaa kwa ajili ya uhai wa mumewe. Sasa Kunal alikuwa mgonjwa. Valvu moja ya moyo wake haikufunga sawasawa, na madaktari walikuwa wamepanga kumpasua baada ya Pasaka.

Jinal alieleza yote kwa sauti ya chini. Walikuwa wamekwenda Dar es Salaam kwa vipimo. Siku ya mwisho wakavuka kwenda ufuoni Kigamboni wapunge upepo. Aliingia majini hadi kiunoni, wimbi likamwangusha, akainuka akicheka. Walipofika kwenye nyumba ya wageni ndipo alipopeleka mkono shingoni. Alimwambia Kunal kuwa kifungo kimelegea, kwamba ameuweka mkufu kwenye mkoba ili aupeleke kwa sonara. Tangu siku hiyo alikuwa akivaa mtandio mbele ya mama mkwe wake.

"Si kwamba naamini bila ule mkufu atakufa," alisema. "Ila kila nikimtazama amelala, mkono unakwenda shingoni wenyewe."

Lusia alimuuliza kama amemwambia mumewe. Jinal akatikisa kichwa, akasema moyo wa Kunal hauhitaji habari nyingine mbaya. Lusia hakubishana naye. Alimweleza ukweli kwamba hajawahi kutafuta kitu baharini, na wala bahari yenyewe hajaiona. Huenda mawimbi yalikwisha kuupeleka mkufu mbali. Hakuahidi chochote, lakini alikubali kujaribu.

Kitu cha kwanza alichotilia shaka kilikuwa mashine yake. Aliwahi kwenda nayo kwenye mbuga yenye magadi, ikapiga kelele mchana kutwa bila sababu. Kama udongo wenye chumvi uliiharibia akili, bahari ingeifanyaje? Ndipo wakasafiri wote wawili hadi Geita, mtaa wa Kalangalala, kwa Hasnain, ambaye huuza na kukodisha pampu, mipira ya maji na detekta.

Hasnain alikuwa mtu mzima, mpole. Alikiri kwamba wateja wake wote ni wa dhahabu na hakuna aliyewahi kumuuliza habari za pwani. Lakini hakutaka kuwauzia maneno. Alileta beseni la plastiki uani, akamwaga mchanga, wakatia maji na chumvi ya mawe, wakakoroga. Lusia hakujua chumvi itoshe vipi, wala Hasnain. Jinal ndiye aliyechovya kidole akaonja. Alikuwa ameyanywa maji ya bahari siku ile alipoanguka.

"Bado," alisema. "Yale ni makali zaidi." Wakaongeza chumvi hadi alipokunja uso, akasema sasa ndiyo.

Alivua hereni yake moja ya dhahabu, wakaifunga uzi isije ikapotea nayo, wakaifukia mchangani.

Lusia alianza na mashine yake mwenyewe. Ilikuwa imetengenezwa kusikia punje ndogo za dhahabu katika nchi kavu, na kwa kazi hiyo aliipenda. Ilipokaribia beseni ililia kabla hata ya kufika kwenye hereni, na ikaendelea kulia kila upande. Maji ya chumvi yenyewe iliyaona kama madini. Alipoipunguza nguvu hadi ikanyamaza, hereni nayo haikuisikia.

Mashine ya pili ilikuwa ile kubwa wanayoitegemea wanaotafuta dhahabu ya chini sana. Hiyo haikujali chumvi hata kidogo. Ilitulia kabisa juu ya beseni, na hereni iliisikia tangu mbali. Jinal alifurahi, akataka waichukue palepale. Lusia akamwomba Hasnain atupe msumari mchangani. Mashine ikaulilia msumari kwa sauti ileile iliyoililia hereni. Ufuoni, watu wanakokula, kunywa na kutengeneza boti, wangechimba kila kizibo na kila msumari. Tena sahani yake ya chini, ile inayosikiliza, ilivumilia maji, lakini kisanduku cha juu hakikuvumilia. Wimbi moja tu lingetosha kukiua.

Ya tatu ilikuwa nyepesi, na Hasnain alisema huwa haina wateja sana kwa sababu kwenye punje ndogo inashindwa na ile ya Lusia. Ilituma mawimbi ya aina kadhaa kwa pamoja, ikawa inaweza kuitenga dhahabu na chumvi na chuma. Ilikuwa na mpangilio wake wa pwani, na iliweza kuzamishwa yote majini. Juu ya beseni iliguna kidogo ikatulia. Hereni iliisikia karibu kidogo kuliko ile kubwa, ila iliandika namba kwenye kioo, na msumari ukapata namba nyingine kabisa.

Lusia aliijaribu tena na tena. Akatia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akaona inapata namba sawa na hereni. Akamweleza Jinal kwamba karatasi hizo itabidi wazichimbe zote, kwa sababu mashine haiwezi kuzitofautisha na dhahabu nyembamba. Akajaribu pia mkufu mwembamba wa Jinal wa mkononi, mashine ikawa kama haikuuona.

"Kwa hiyo tusitafute mkufu," alisema. "Tunatafuta kile kipande cha katikati. Mkufu ukifuata, ni bahati."

Kisha akampa Jinal mashine aishike mwenyewe, azunguke nayo uani mpaka mkono uzoee. Hasnain aliwakodisha ile ya tatu, akawaongezea koleo lenye matundu la kuchotea mchanga.

Jinal alimuaga mumewe kuwa anakwenda Kariakoo kununua vitasa na mabomba. Walipanda basi Shinyanga na kufika Dar es Salaam wamechoka. Kesho yake walivuka. Mama mmoja muuza mihogo ya kukaanga aliwaelekeza ofisi ya serikali ya mtaa kwenda kuomba ruhusa, akawaambia pia wasihangaike na maji yaliyojaa, wangoje yapwe.

Maji yalipoondoka, ufuo ukawa mpana kuliko Lusia alivyodhani. Walianza mbele ya mivinje, mahali Jinal alipokumbuka wamekaa. Mashine ilifanya kama ilivyofanya kwenye beseni. Juu ya mchanga mbichi ilitulia. Walipata vizibo vya soda, vipande vya risasi vya kuzamishia nyavu, kijiko, sarafu zilizoota kutu na karatasi nyingi za sigara. Lakini Lusia alipojaribu kuingia majini, wimbi likirudi nyuma alihisi ardhi inavutwa chini ya miguu yake. Akarudi nchi kavu akakaa chini. Hakuona haya kusema kwamba anaogopa. Ikabidi Jinal aingie na mashine, yeye Lusia amwongoze kutoka mchangani: punguza mwendo, sahani ikae chini, rudia hapo.

Hawakupata kitu. Maji yalianza kurudi, na Jinal akawa amesimama tu, mashine mkononi, hasogei. Wakati huo simu yake ikaita. Alikuwa Kunal, anauliza bei za vitasa. Kisha akauliza sauti anayoisikia ni ya nini.

Jinal alimtazama Lusia. Lusia alinyoosha mkono akaipokea mashine.

Jinal akamwambia mumewe yote.

"Mnatafuta wapi?" Kunal aliuliza.

"Mbele ya mivinje. Tulipokaa."

"Kwenye mivinje tulikaa mwishoni, tulipokula. Ulipoanguka tulikuwa kwenye ile ngazi ya saruji iliyovunjika. Kandambili yako ilichukuliwa na maji, nikaikimbilia."

Jinal akakumbuka. Kunal alikuwa ametoka majini na kandambili mkononi, anahema, midomo imebadilika rangi, naye Jinal akamshika na kumkokota hadi kivulini. Wakati wote ule alikuwa akikitazama kifua cha mumewe. Shingo yake hakuikumbuka kabisa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa moyo wako."

"Kilichoharibika ni valvu, Jinal," alisema Kunal. "Mengine yote yanafanya kazi."

Walipokata simu, Jinal alilia, kisha akala mihogo ya yule mama kama mtu aliyeshinda njaa tangu wiki iliyopita. Lusia alimwacha ale. Aliona kwamba hata wasipopata kitu, mzigo mkubwa ulikwisha kutuliwa.

Asubuhi iliyofuata walingoja maji yapwe tena, wakaenda kwenye ngazi ya saruji. Ilikuwa mbali kidogo, upande wa pili wa ufuo. Mawimbi yalikuwa yamekula mchanga kando ya ngazi na kuacha tabaka la mawe madogo ya matumbawe. Lusia alipoliona alisimama. Kwao dhahabu haikai juu ya mchanga; hushuka mpaka ikutane na kitu kigumu. Akamwambia Jinal waanzie pale kwenye mawe, na wasiruke hata kipande.

Maji yalifika magotini tu, na Lusia alijikaza akaingia, mkono mmoja ameshika ngazi. Mashine ililia, wakachota: karatasi ya sigara. Ikalia tena, karatasi nyingine. Jinal alianza kuchota bila hata kutazama namba. Sauti iliyofuata ilikuwa dhaifu, ya kukatikakatika, nayo akaichota vilevile, akatikisa koleo majini mchanga ukatoka. Ndani yakabaki mawe, kipande cha kome, na kile kipande cha dhahabu cha katikati, pamoja na shanga mbili nyeusi zilizonasa kwenye uzi mfupi wa mkufu.

Jinal alikaa chini majini na nguo zake, koleo amelipakata, akawa anakitazama kile kipande kama anayekisoma. Lusia alisahau kwamba anaogopa bahari. Alimwinamia, akamshika mabega, akawa anasema tu kwa Kisukuma, "Wabeja, wabeja," ahsante, ahsante, asijue hasa anamshukuru nani.

Wakampigia Kunal. Alicheka hadi akakohoa, na Jinal akamkataza kucheka.

Sonara wa Shinyanga aliunga mkufu upya kwa shanga mpya. Mama mkwe aliambiwa ukweli. Alinuna siku nzima, si kwa sababu ya mkufu kupotea, bali kwa sababu hakualikwa kwenda kuutafuta. Kunal alimfunga mkewe mkufu tena kwa mkono wake, sebuleni, kabla ya safari ya hospitali. Detekta ilirudi Geita, na Hasnain alitaka kusikia habari yote tangu mwanzo huku akiipangusa chumvi.

Siku ya upasuaji Lusia alikwenda kazini kama kawaida, katika shamba la bibi mmoja aitwaye Mbuke, lakini hakusikia chochote ambacho mashine ilimwambia. Alikuwa akiitoa simu mfukoni na kuirudisha. Mchana ujumbe wa Jinal uliingia: ametoka salama, bado amelala. Siku chache baadaye, akiwa shamba lilelile, simu iliita tena, na sauti ilikuwa nyembamba lakini ni ya Kunal mwenyewe.

"Shikamoo, Mama Wiliam."

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

Alimwambia ameruhusiwa kutembea hadi dirishani, na kwamba uji wa hospitali hauna sukari. Lusia alimuuliza maswali mengi yasiyo na maana, ili tu aendelee kumsikia akihema vizuri. Simu ilipokatika alikaa juu ya tuta, akavua buti, akanyoosha vidole vya miguu juani. Bibi Mbuke alimuuliza kama amepata dhahabu. Lusia akasema hajapata, na leo hatafuti tena. Bibi akasema basi twende nyumbani, kuna michembe jikoni, viazi vikavu vilivyopikwa kwa karanga, na ikipoa haina ladha.