Fundi Vitanda Hakukimbia Sindano

Mume wangu marehemu hakukimbia sindano. Yanasemwa saluni, yanasemwa kwenye foleni ya maji, na juzi yamesemwa harusini mbele ya wakwe zangu, kwamba alitoka mbio kupitia dirisha la chumba cha utafiti na kuacha kiatu nyuma. Dirishani alipita, sikatai. Kiatu kilibaki. Lakini sindano haikuhusika, na kwa kuwa watoto wetu wanatembea na jina lake, acha nieleze mambo yalivyokuwa.

Alikuwa fundi wa vitanda katika hospitali kuu, na hata mama mkwe wake alimwita Fundi. Vitanda vya hospitali ile vilikuwa na magurudumu matatu, la nne likiwa tofali. Kulikuwa na machela moja isiyokubali kwenda mbele. Ilizunguka tu, na mgonjwa akafika chumba cha eksirei na kizunguzungu ambacho hakuja nacho. Fundi alivitibu vyote hivyo kwa waya na maneno matamu. Maneno aliyapenda mno. Hakusema "nimechoka", alisema "mwili umeniomba ruhusa."

Siku moja Sista, muuguzi mkuu wa wodi, alimletea mashine ya kupimia presha, ya pekee iliyobaki, nayo inavuja upepo. Fundi akaiziba kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, akaijaribu kwenye mkono wake. Ikapanda. Akajaribu mkono wa pili, ikapanda zaidi. Akamfunga mlinzi wa getini. Ya mlinzi ikasoma sawa.

"Sista, mashine bado mbovu."

"Mashine nzima, Fundi. Mbovu ni wewe."

Akaenda dirisha la dawa. Mfamasia hakuinua hata kichwa. "Za presha zimekwisha."

"Zitakuja lini?"

"Baba, hata mimi nazisubiri. Na mimi naumwa."

Hapo Fundi akaogopa kweli. Baba yake mzazi aliondoka kwa presha hiyo hiyo, akiwa bado na nguvu za kubeba kitanda peke yake.

"Usinitolee macho," Sista akamwambia. "Kuna utafiti wa dawa za presha, kwenye chumba kile chenye feni. Walioingia wanapimwa na dawa wanapewa. Nimeshakuandikisha. Kesho nenda kwa daktari ukathibitishe kwa mdomo wako kwamba unajitolea."

Fundi akalibeba neno hilo hadi nyumbani, na kila alivyolipima aliliona dogo. Kujitolea ni kufagia uwanja wa shule. Yeye alikuwa anautoa mwili wake mzima kwa ajili ya taifa! Asubuhi akavaa suti ya harusi yetu, akaingia kwenye chumba chenye feni, akasimama wima.

"Daktari, nimekuja kujitoa."

Daktari wa utafiti alikuwa kijana mpole, na wiki ile watu walikuwa wakimkimbia, kwa kuwa kuna mtu alivumisha kwamba sindano yake inamaliza nguvu za kiume. Akaweka kalamu chini.

"Hata wewe, mzee wangu?"

"Hata mimi! Na wenzangu wa karakana nitawashawishi, tujitoe wote."

"Jamani, tumewakosea nini?"

"Hamjatukosea. Nimewaza, nimeona heri nijitoe mapema, kwa moyo mweupe."

Daktari akashusha pumzi, akalikata jina lake. "Ni haki yako. Hapa halazimishwi mtu."

"Ahsante sana." Fundi akavua koti, akakunja mkono wa shati. "Haya, choma."

"Nichome nini?"

"Si unichome mimi!"

"Lakini umejitoa."

"Nimejitoa, ndiyo. Sasa mbona hunichomi?"

Daktari akamtazama, akahisi presha ya mzee imeshafika kichwani. Akarudi kinyumenyume hadi nje kumtafuta Sista, akavuta mlango, na kitasa kikabaki mkononi mwake. Kupitia mlango uliogoma, Fundi akamsikia akimwambia mtu kwenye korido: "Huyu nimeshamfuta."

Nimeshamfuta! Dawa zilikuwa zinamponyoka hivi hivi anaona. Wa kumwokoa alikuwa Sista peke yake, naye zamu yake inakwisha. Mlango haufunguki. Likabaki dirisha. Kiatu kikanasa kwenye bawaba, Fundi akatua kwenye kitanda cha maua, kitanda pekee cha hospitali ile ambacho hakuwahi kukitengeneza.

"Ameruka!" watu wa foleni wakapiga kelele. "Fundi amekimbia sindano!" Na nusu ya foleni ikatimua mbio.

Akamdaka Sista getini. Daktari naye akafika akihema, kitasa mkononi.

"Fundi, ulimwambia nini huyu mtoto wa watu?"

"Kwamba nimejitoa."

"Mungu wangu. Daktari, hajajitoa. Amejitoa."

"Sista, unasikia unachosema?"

"Anataka kuingia, wewe! Amejitoa kama askari, si kama mchezaji aliyenuna!"

Daktari akacheka mpaka kitasa kikamdondoka. Kisha akaitazama foleni yake iliyokonda, kicheko kikakatika. "Jina nitalirudisha. Ila alitamke neno lenyewe mbele ya hawa, wajue hakukimbia."

Basi Fundi akapanda juu ya machela ile ile, iliyoegeshwa hapo getini, mguu mmoja na soksi, akanyoosha mkono. "Ndugu zangu! Mimi sijakimbia! Najitolea!" Machela, kwa tabia yake, ikaanza kuzunguka, kwa hiyo pande zote za uwanja zilisikia. Watu wakacheka, wakarudi mmoja mmoja, na Fundi akachomwa pale pale, hadharani.

Kwa sarufi, nami nimeifundisha maisha yangu yote, hakukosea. Anayetoa nafsi yake kwa ajili ya wengine amejitoa. Presha ilishuka, akaishi hadi kuwabeba wajukuu, na mlango ule aliutia kitasa kipya mwenyewe.

Sasa watu wameanza kuuliza kama ni kweli kwamba baada ya sindano alizimia na kuanguka. Machela ilikuwa inazunguka. Mtu yeyote angeanguka. Sisemi zaidi.