Msitu Tulioukausha kwenye Tanuri la Mkate

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka michache baada ya Uhuru, Afisa Mtafiti wa kituo chetu cha misitu cha Malaba alinipeleka kwenye msitu ulioungua upande wa Adungosi. Akafunika kopo juu ya udongo, ndani akiwa ameweka kisahani cha dawa inayonasa hewa ukaa. "Udongo unapumua, bwana," akasema. "Sisi tunapima hiyo pumzi." Nilidhani jua limempata. Mimi, kijana wa Bukhayo, nilikuwa nimetegemea kupewa panga na buti.

Ninyi mnaosomea mambo haya leo mna mitambo. Sisi tulikuwa na kamba ya kupimia unene wa miti, mizani na magunia. Mti unapokua huvuta hewa ukaa na kuiweka mwilini kama kaboni. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni hiyo. Kwa hiyo tulikusanya majani, matawi na vipande vya magogo, tukavikausha mpaka uzito usishuke tena, ndipo tukakadiria akiba ya msitu mzima. Taabu ni kwamba tanuri la kukaushia lilikuwa makao makuu, na magunia tuliyoyatuma kwa treni yalifika yameota ukungu.

Makao makuu nao hawakuwa na subira. Kama msitu usingerudi wenyewe, ungefyekwa wote upandwe mikaratusi. Nami nilikuwa nimeshaanza kuupenda, siwafichi.

Nikamwendea Mama Zuhura, muoka mikate wa mjini Busia, gunia likiwa nyuma ya baiskeli. Alilichungulia akakunja uso.

"Kijana, hii takataka unataka niipike?"

"Ni kukausha tu, mama. Kwa ule moto unaobaki."

"Mkate ikishatoka, weka yako. Lakini wateja wakisema inanuka porini, nafukuza wewe na boss yako."

Hakutufukuza. Kila nilipopima alisimama nyuma yangu akiuliza, "Ameongeza?", vile akina mama wanavyoulizana kliniki watoto wakipimwa uzito. Afisa Mtafiti, mtu mkali wa maneno machache, alikuja kukagua kazi yangu akaishia kuwa mteja wa chai.

Kisha majibu yakatoka mabaya. Msitu ulikuwa umerudi kijani kibichi, lakini akiba yake ilikuwa imeshuka. Afisa akatueleza, kikombe mkononi: magogo yaliyokufa yanaoza, na yakioza yanarudisha kaboni hewani haraka kuliko miche inavyoivuta.

"Nitaandika ukweli," akasema, "na watafyeka."

Mama Zuhura akaweka birika chini. "Mtoto ametoka surua, amekonda. Sasa munazika?"

Afisa akatoa kalamu. Aliandika uzito vilevile ulivyokuwa, na chini yake akaomba msitu upewe muda. Aliitwa makao makuu akafokewa vibaya. Alirudi na muda, na onyo kwamba msitu usipoongezeka sote wawili tutafute kazi nyingine. Mvua zikaja zikaenda, nami nikawa sili vizuri kila wiki ya kupima.

Baadaye nilihamishiwa Kakamega, kisha Londiani, nikatumika chini ya Maafisa Watafiti wengi wenye matanuri ya umeme, mpaka nikastaafu. Naishukuru kazi ile; ilinilishia watoto na kunifundisha kutodanganywa na rangi ya majani. Lakini nikikaa sasa na pensheni yangu, siku ninayoirudia ni ile mizani ilipopanda hatimaye. Afisa alivua kofia mbele ya foleni ya wateja akasema, "Mama, ameongeza." Mama Zuhura akapiga kigelegele, akafunga duka, akapanda Landrova yetu akiwa bado na unga mikononi.

Ndipo nikatambua kwamba hakuwahi kuuona msitu wenyewe. Alikuwa akiujua kwa magunia yangu tu. Alisimama katikati ya miti, akainua shingo hadi kitambaa chake cha kichwani kikaanguka.

"Kumbe ni mkubwa hivi," akasema, akaanza kulia.