Siku sengu ilipogeuka uwanja wa mpira wa simu, huku gari la kunipeleka kwenye usaili linapiga honi

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za kazi. Haya yamenipata mwenyewe wiki iliyopita, huku Maguu, Mbinga. Siongezi chumvi, mashahidi ni ukoo mzima.

Swali lililoninyima usingizi wiki tatu ni hili: mtu mwenye digrii ya uhasibu anamwambiaje mama yake kwamba kazi aliyoipata ni kucheza mpira kwenye simu?

Msicheke. Nilitengeneza hadi jedwali la faida na hasara. Nikalifuta. Nikalitengeneza tena, kwa rangi.

Iko hivi. Tangu nimalize chuo niko nyumbani, nachuma kahawa na wenzangu, jioni nacheza mashindano ya mpira mtandaoni. Nikaanza kuwafunga watu wa Dar, wa Arusha, hadi wa Nairobi. Mwezi uliopita timu moja ya Dar ya wachezaji wa kulipwa ikanitafuta.

Ni timu kweli, wakuu. Ina kambi, kocha, mshahara, mazoezi saa sita kwa siku, na mechi zenu mnazichambua kwenye skrini kubwa.

Nafasi ilikuwa moja na tulibaki wawili, mimi na jamaa wa Mwanza. Tucheze mechi tatu, atakayeshinda mbili anachukuliwa.

Kocha alishanieleza tatizo langu. Pasi naiona mapema kuliko wengi, ila naitoa nimechelewa. Nawaza mno. (Sijui nani alimwambia.)

Wiki hiyohiyo nikaitwa usaili Songea, nafasi ya karani wa hesabu, Jumatatu saa tatu asubuhi. Na gari la mwisho la kutoka kwetu Jumapili huondoka saa nane mchana.

Usaili niliutangaza nyumbani. Mechi nikaificha. Nikaipanga Jumapili saa saba, nikijua sengu itakuwa imekwisha.

Hapo nikakosea kosa ambalo Mmatengo hapaswi kulikosea.

Kwa wasiojua, sengu ni utaratibu wetu wa wanaume wa ukoo kula pamoja na kuzungumza mambo ya ukoo. Kwetu siku hizi ni Jumapili baada ya misa, kwa baba mkubwa, kule juu mlimani. Kwa kawaida haimalizi hata saa moja. Lakini mtu akiwa anaagwa kwenda kutafuta kazi, kila nyumba inaleta sahani yake na kila mzee anatoa neno. Na anayeagwa hainuki mpaka neno la mwisho.

Saa saba kasoro dakika tano, sahani zilikuwa tisa na wazee waliosema walikuwa wawili.

Nikatapika yote. Timu, mshahara, jamaa wa Mwanza, dakika tano zilizobaki.

Baba mkubwa akauliza kama huyo wa Mwanza ni mtu au mashine. Nikasema ni mtu. Akauliza kama naye anaitaka hiyo kazi. Nikasema anaitaka.

"Sasa mbona umekaa?" akasema. "Nawa mikono ucheze hapahapa, tumwone."

Na mtandao kule juu ni mzuri kuliko kwetu bondeni. Mimi ninayewaza kila kitu, hilo sikuliwaza.

Mechi ya kwanza nikafungwa mbili bila. Vichwa vimejaa mabegani kwangu, mtu ananitafunia ugali sikioni.

Ya pili ikaenda bila bila hadi dakika za mwisho. Mshambuliaji wangu akabaki na kipa. Nikaanza: kushoto? Kulia? Nitoe pasi?

Nyuma yangu alisimama baba mdogo Oswin, aliyedakia timu ya parokia miaka mingi.

"Kasian, unamwandikia nani barua? Piga."

Nikapiga. Goli. Moja moja kwa mechi.

Mechi ya tatu sikumbuki kuwaza chochote. Nikifika langoni namsikia baba mdogo ananong'ona, "barua, barua," na kidole kinakwenda chenyewe. Nikafungwa, nikasawazisha. Akina mama wakatoka jikoni, mama yangu na mwiko mkononi. Barabarani gari likaanza honi. Dakika ya mwisho nikapata kona, nikaipiga fupi, nikarudishiwa, nikaachia shuti. Mbili moja!

Wakuu, mboga ilimwagika. Baba mkubwa mpaka leo anadai yeye ndiye aliyeona beki wao amelala.

Kocha akapiga simu papo hapo. Nafasi ni yangu, mkataba wa mwaka mmoja, ila jibu analitaka siku hiyohiyo.

Mama akaja na begi langu la vyeti. Akauliza kama watalipa kila mwezi. Nikasema ndiyo. Na mwaka ukiisha? Nikasema sijui.

"Na hao wa Songea, wameshakupa kazi?"

"Bado, mama."

"Basi usinitazame mimi. Gari lile pale, simu hiyo hapo."

Nilitaka kuomba siku moja ya kutafakari. Mdomo ulishafunguka. Nikaufunga, nikashuka barabarani kumwambia konda aende bila mimi.

Nilichojifunza: wiki tatu nzima niliuliza maswali ya ndugu zangu kwa niaba yao, nikayajibu kwa niaba yao, na majibu yote nikayakosea. Wao walihitaji dakika tano.

Kama kuna aliyepita njia hii ya kulipwa kwa kucheza, anieleze ilimfikisha wapi. Na anayeona nimeitupa digrii aseme bila kunionea haya, nitasoma yote nikiwa njiani.

Maana Jumatatu saa tatu, muda uleule wa usaili, niliwapigia Songea kuwaambia wasinisubiri. Kisha nikasaini mkataba, nikautuma. Sasa hivi niko stendi ya Mbinga na tiketi ya Dar mkononi, na utingo ameshapakia begi.