Koti la Baba Amani

Kisa hiki kilinipata mimi mwenyewe, hapa Brussels, nikiwa na akili zangu timamu. Sikuwa nimelala, na pombe sinywi. Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana mbele hakuna cha kuchekesha.

Mume wangu alifariki mwaka jana. Huku mtaani kwetu Schaerbeek, kanisani na sokoni, watu huniita Mama Grâce, kwa jina la binti yetu. Chumbani mwetu mume wangu aliniita Mama Amani. Amani alikuwa mtoto wetu wa kwanza. Homa ilimchukua njiani tulipokuwa tukikimbia vita Kivu. "Mutoto wa kwanza hatumusahau," alikuwa akisema. Hata Grâce halijui jina hilo.

Tangu mazishi nilikuwa navaa koti lake. Grâce alichoka kuniona nimejifungia ndani, akanunua tiketi mbili za filamu katika ukumbi mdogo karibu na barabara ya Chaussée d'Ixelles. Ilikuwa jioni ya baridi. Nimeshakaa, simu ikalia. "Mama, tram imenipita," akasema. "Unichungie fasi." Nikavua koti, nikaliweka kwenye kiti cha pembeni kumtunzia nafasi.

Filamu yenyewe ilikuwa ya kutisha, na ya ajabu: picha zina mikwaruzo, zinarukaruka, hadithi inakatika ovyo. Ni huko Cornwall, pembeni kabisa mwa Uingereza. Mwanamke amefiwa na mume aliyefukiwa mgodini. Dukani anazungumza Kiingereza, nyumbani Kikorni, lugha ya zamani ya kwao. Nilimwelewa haraka, si ndivyo tunavyoishi, Kifaransa nje na Kiswahili nyumbani? Kila jioni anamwekea marehemu kiti, na koti juu yake. Majirani wanamwonya: atakayekuja huenda si mumewe, na mgeni atajua yale tu wanayoyajua majirani, kwa hiyo amuulize jambo la ndani. Yeye haulizi. Anafungua mlango.

Hapo nikageuka. Niamini, koti lilikuwa limevaliwa. Mabega yamejaa, mikono imelala magotini. Uso sikuuona, mwanga haukuufikia, lakini harufu ya sabuni yake niliijua. Wewe ungefanya nini? Sitakudanganya, moyo wangu uliruka kwa furaha.

"Mama Grâce," akasema, kwa sauti ya mume wangu kabisa. "Bon, twende ku nyumba."

Mama Grâce. Jina la majirani. Nikamkumbuka yule mwanamke na mlango wake.

"Pardon, papa," nikamwambia, kama unavyomwambia mtu usiyemjua. "Hii fasi iko na mwenyewe. Ninangojea mutoto wangu."

Hakubisha. Mabega yakashuka polepole, kama ya mtu aliyetoka kazini amechoka, mpaka koti likalala tupu kitini. Kisha, chini chini, sikioni mwangu: "Ubakie muzuri, Mama Amani."

Grâce alifika filamu inaisha, akanikuta nimelikumbatia lile koti nalia. Akaligusa ndani ya mkono. "Mama, mbona iko na joto?" akauliza. Nami nilikuwa nimelivua kitambo.

Sijalivaa tena. Liko kabatini, na kila nikifungua kabati nalishika kuona kama limepoa. Kuna siku najiambia kwamba kile kitu kilijua kimegunduliwa, kikachokoa jina moyoni mwangu ili kiniumize. Nikijiambia hivyo napata usingizi. Lakini kuna jambo ambalo kwa hofu nilikuwa nimelisahau. Kule ukumbini tulikuwa katikati ya watu, na mbele za watu hata mume wangu alikuwa akiniita Mama Grâce.

Basi wewe uliyefiwa, nakuomba, usiweke koti la marehemu kwenye kiti kitupu. Akija mgeni, utaogopa na yatapita. Akija wako, unaweza kumfukuza kama nilivyomfukuza wangu, tena kwa adabu.