Nambari Nyekundu za Ansab

Mjomba wangu na wenzake watatu, wastaafu wote, hukutana kila alasiri kwenye majlisi yake, chumba cha kupokelea wageni, hapa Ansab, mtaa wa mji wa Kiarabu, mkabala na nyumba yangu. Wanakunywa kahawa, na wanajua kila kinachofichwa duniani: nani hasa huamua bei ya mafuta, mawingu yanatengenezwa wapi, kwa nini kiongozi fulani aliugua wiki ile na si nyingine. Ushahidi huja kwa simu, sauti iliyorekodiwa ya mtu asiyejulikana, na kadiri asivyojulikana ndivyo anavyoaminiwa. Mimi huwasikiliza kama ninavyosikiliza kiyoyozi.

Mwaka jana zikatokea nambari. Ziliandikwa kwa rangi nyekundu kwenye kuta za mtaa wetu, na alasiri ileile wazee wakaamua kwamba hiyo ni hesabu ya familia zilizorudi kutoka Afrika, kama zetu. Kuna mataifa makubwa yameomba orodha, walisema. Waiombe ya nini, hapo kila mzee alikuwa na lake.

Nambari zile nilizijua kuliko wao, maana mimi ndiye niliyeziweka kwenye ramani. Mimi ni mhandisi wa mabomba ya maji machafu. Kila nyumba itakayounganishwa na bomba jipya ilipewa nambari, ili tuachane na mashimo ya vyoo na malori ya kuyanyonya. Basi nikaichukua ramani, nikaitandaza baina ya vikombe na sahani ya halua, nikaeleza nusu saa nzima. Nakiri nilijiona hodari. Nilipomaliza, mmoja wao akauliza kwa nini bomba linapinda kabla ya msikiti. Nikasema pale chini kuna mwamba. Wakatazamana. "Mwamba," akarudia taratibu, akanimiminia kahawa nyingine.

Nilikuwa nimempigia mbuzi gitaa. Nikakunja ramani yangu nikaenda zangu. Mjomba, ambaye kwa kawaida ndiye msemaji mkubwa, siku ile hakutia neno.

Wiki tatu baadaye msimamizi wa wachimbaji alinipigia simu kazini. Wamefika mtaani kwetu, akasema, na nyumba yangu haina nambari, je, waipite? Nikatia kopo la rangi nyekundu ndani ya gari nikarudi nyumbani. Kwenye ukuta wangu pale ilipokuwa nambari, kulikuwa na kipande cha rangi nyeupe, bado kibichi, ukubwa wa mswala. Ng'ambo ya njia, nambari ya mjomba ilikuwa palepale.

Nilimkuta peke yake majlisi, na makubadhi yake miguuni yana matone ya rangi nyeupe. Nilikasirika, tena sikuficha. Nikamwambia kazini watanicheka, mhandisi wa mradi nyumba yake imerukwa, na kwamba mtu wa umri wake hapaswi kuchezewa akili na simu. Aliniacha nimalize.

"Babu yako aliletewa khabari mapema kule Unguja, kabla ya mapinduzi," akasema. "Aliambiwa afunge mizigo, mambo yanakwenda kuharibika. Akacheka. Akasema hayo ni maneno ya barazani. Alikuwa kasoma, kama wewe. Mie na mama'ko tukafika huku. Yeye hakufika."

Kwamba babu alifia kule nilijua tangu utoto. Kwamba alicheka, sikuwahi kuambiwa na mtu. Nikamuuliza kwa nini basi nambari yake mwenyewe hakuifuta.

"Mie nna umri gani tena wa kukimbia? Wewe una watoto."

Orodha ile sikuiamini, na mpaka leo siiamini. Bomba ni bomba, na mwamba upo, nimeuona kwa macho yangu. Lakini nilipotoka pale nilimpigia msimamizi nikamwambia nyumba yangu aiache ya mwisho. Kopo la rangi lilikuwa bado ndani ya gari. Siku ile sikulishusha.